Neema Hajafika Umri wa Imla

Coon Rapids, Minnesota

Kwa mdogo wangu Tabitha,

Salamu nyingi, na pole ya kifua. Kama bado unakohoa na bado unapikia kuni ndani bila kufungua dirisha, basi endelea kukohoa, mimi nimesema mpaka nimechoka. Watoto hawajambo? Mahindi yametoka? Mimi ni mzima ila magoti. Sikupiga simu kwa sababu hizi kadi za simu hukata maneno katikati, na jambo nililonalo halitaki kukatwa.

Ile baridi ya Mafinga tuliyokuwa tunaringa nayo ni mchezo wa watoto. Hapa ukitoka nje pua inakauka kama ngozi ya ngoma. Mwanangu Elia anaondoka na gari alfajiri kwenda kazini Eden Prairie, mbali huko, simwoni mpaka jioni. Nikichungulia dirishani sioni mtu anayetembea kwa miguu. Jirani yetu namjua mlango wa gereji yake, sura yake siijui. Tangu nimeingia nyumba hii hajatokea hata mtu mmoja wa kupiga hodi kuomba chumvi. Tabitha, mtu anaweza kukaa penye joto, ameshiba, na bado akawa kama kiatu kilichosahauliwa mlangoni.

Wajukuu zako hawaendi shule. Usishtuke, hawajafukuzwa. Mkwe wangu Njeri, yule Mkenya, anawafundisha mwenyewe hapa hapa kwenye meza ya jikoni. Jumatatu mpaka Ijumaa ni mwalimu, Jumamosi na Jumapili ni nesi hospitalini. Kazi anaijua, hilo sitaficha. Tumaini ana miaka tisa, Neema sita.

Neema nikimsemesha Kiswahili anaelewa kila kitu, ila anajibu Kiingereza. Lakini akiandika, ananiandikia Kiswahili, maana anajua Kiingereza siwezi kukisoma. Alikuwa anapitisha vikaratasi vya njano chini ya mlango wangu. Herufi zimelala chali, nyingine zimenipa mgongo, maneno mengine hayana hata nusu ya herufi zake. Nikiyasoma kwa sauti namsikia. Kimoja kiliniita nikanywe chai. Kingine kiliuliza kama bata wa bwawani wanakufa kwa baridi. Kingine kilisema mimi nanuka vizuri, sijui alinusa nini. Kuna siku kikaratasi kama hicho ndicho kilikuwa Kiswahili changu chote toka asubuhi. Nilivitunza ndani ya kopo la biskuti.

Sasa unanijua. Mimi niliyejifunza kusoma nikiwa na mtoto mgongoni, nione mjukuu wangu anaandika hovyo ninyamaze? Nikamfuata mama yake.

“Njeri, huyu mtoto imla utamwanzishia lini?”

“Spelling? Bado, Mum. Akifika miaka minane.”

“Minane! Si atakuwa anaposwa huyo!”

Akacheka. “Mum nawe! Wacha kwanza asome vitabu mingi, macho izoee maneno. Tumaini si alianza na nane? Na unaona venye anaandika.”

Ni kweli Tumaini anaandika kama karani wa mahakama. Nilikuwa nauona ukweli huo kila siku mezani, nikaupita kama sijauona. Nikamwambia samaki mkunje angali mbichi.

“Huyu si samaki, Mum,” akasema, akaendelea kuosha vyombo.

Hilo liliniuma. Mkwe kunijibu hivyo, tena kanipa mgongo! Basi Jumamosi yeye akaenda hospitalini, Elia akampeleka Tumaini mazoezi ya kwaya, mimi nikabaki na Neema. Nikatoa vile vikaratasi vyote kwenye kopo. Nikavisahihisha kwa kalamu nyekundu, kimoja kimoja, mpaka kile cha kunuka vizuri. Nikavipanga mezani, nikaita, “Mke mwenzangu, njoo!”

Alikuja mbio. Alipoona wekundu akafurahi, akaniuliza kwa Kiingereza chake kama nimempakia rangi. Hilo nililielewa. Nikamwambia, “Hizi si rangi. Haya ni makosa yako. Kila neno utaliandika mara kumi.”

Akaandika. Hakulia, Tabitha. Angelia ningejua la kufanya. Alipomaliza akasema, “Okei, Bibi,” akashuka kwenye kiti taratibu, akaenda zake chumbani.

Toka siku hiyo hakuna kikaratasi. Asubuhi nafungua mlango, nainama na magoti yangu haya, naangalia chini: kapeti tupu. Nikajidai sijali. Nikasema moyoni, ameshika adabu.

Wiki ya pili Njeri akaanza kuhangaika. Neema alikuwa na daftari la hadithi zake, kila siku ukurasa mzima. Sasa akikaa nalo anauliza kwanza kila neno linaandikwaje, na asipojibiwa anaweka penseli chini. Mama yake akamuuliza, “Nani amekuambia unakosea?” Nilikuwa nimesimama pale pale na sufuria. Mtoto akanitazama, kisha akatazama meza. Mtoto wa miaka sita alinifichia siri, na mimi bibi mzima nimesimama kama mwizi wa kuku.

“Ni mimi,” nikasema. “Nimefanya kazi uliyoikataa.” Nikaleta kopo.

Njeri alivisoma vyote. Hakunifokea. Alisema tu, “Mum, hizi zilikuwa barua,” akaingia chumbani kwake.

Jioni Elia akanikalisha. “Mama, kwenye meza hii mwalimu ni mmoja.”

“Basi nikatie tiketi nirudi kwetu, nikafundishe kuku.”

“Mama, hakuna aliyesema uondoke.”

“Na hakuna aliyesema nikae!”

Yule ana kichwa cha baba yake, ukimpigia kelele anageuka jiwe. Nikaenda kukaa kitandani kwangu, na hapo ndipo nilipokukumbuka wewe.

Unaikumbuka ile siku ya kisomo cha watu wazima, kwenye ghala la ushirika? Najua unaikumbuka, ni mimi niliyejitia kusahau. Mwalimu alikuita ubaoni uandike jina la mumeo. Ukaandika, ukageuka unatabasamu. Yeye akalisoma vile vile ulivyoliandika, kwa sauti ya kuchekesha, na ghala zima likaangua kicheko. Na aliyecheka kuliko wote alikuwa dada yako, kwa sababu jina la mume wangu mimi nilikuwa nimelipatia. Uliweka chaki chini ukatoka. Kisomo hukurudi. Kusoma unasoma, lakini kalamu hujashika tena miaka thelathini, na mimi miaka yote hiyo nimekuwa nikisema watu wazima wavivu ndio walioacha. Nilikusema hata kanisani. Nilikosa, Tabitha. Naliandika hapa ili ulisome mwenyewe kwa macho yako.

Kesho yake nilimkalisha Neema, nikamwambia bibi amefanya vibaya, aandike anavyotaka, imla itamngoja mpaka miaka minane, na ikifika atafundishwa na mama yake, si na mimi. Njeri naye nilimwambia mbele ya mumewe. Akanishika mkono, akasema, “Ni sawa, Mum. Ata mimi nilichapwa sana juu ya spelling.” Akanimiminia chai. Neema aliitikia kwa kichwa. Siku hizi anakuja kuegemea goti langu nikisuka ukili wa mkeka, na daftarini ameanza tena mstari mmoja mmoja, akimchungulia mama yake. Ila mimi hajaniandikia. Hii ni wiki ya tano. Njeri anasema mtoto hasukumwi. Sisukumi. Nainama kila asubuhi, basi.

Wewe nakusukuma, kwa sababu ni mtu mzima na muda wetu si mrefu. Barua zako anaziandika mkweo, Mwalimu Chande. Zimenyooka, nukta ziko mahali pake, na hakuna hata neno moja la kwako. “Sisi sote tunaendelea vyema.” Tangu lini wewe ukaendelea vyema? Wewe hulalamika! Nazisoma hizo barua mara moja nazikunja, halafu nyumba inakuwa kimya kuliko kabla hazijafika. Shika kalamu mwenyewe. Andika mistari miwili. Andika jina la mumeo marehemu kama ulivyoliandika siku ile. Nimekaa hapa natafuta sauti ya mtu wangu, na sitacheka.

Nisalimie wifi yangu wa kule kinu cha kusaga, mwambie aache kuazima majembe. Msalimie mama mkwe wako, Mungu amtunze na masikio yake. Shangazi wa Elia mwambie kitenge kilifika. Na Mwalimu Chande, mkweo, msalimie kwa heshima zote, mwambie namshukuru kwa kazi yake nzuri, na asiiguse barua yetu tena.

Ni mimi dada yako,
Mama Elia