Tulia Hukimbilia Maji

Jumapili, 3 Agosti 2025

Sauti ya kopa la muhogo mkavu likivunjwa. Ndivyo mguu wa punda wa Mdoe ulivyolia mwaka jana kwenye gogo la mwisho, na watu wakacheka kwanza, wakidhani ni fimbo. Mwaka mzima sasa. Mama akivunja makopa jikoni, mimi hutoka nje.

Leo kamati imekuja nyumbani. Mbio za punda za kuruka magogo zinarudi, Jumamosi ya tarehe 16. Safari hii zitapandisha, kutoka lambo tunakochota maji mpaka msikitini, ili wasiushuke tena ule mteremko alikovunjikia punda mwaka jana. Mwenyekiti wa kamati — Mdoe! Ana punda mpya na cheo kipya. Nilimwamkia, akaitikia kama diwani. Wanataka niandike maelezo ya washindani: nani mzuri, nani wa kuangaliwa. Richard atayasoma kwa spika ya pikipiki yake, Kwamsisi yote hadi Kabuku.

"Wewe ndiye mwenye digrii hapa, Hafsa. Isije ikaota kutu," akasema Mdoe.

Digrii ya takwimu. Nangoja ajira tangu nihitimu. Nimekubali. Nina kazi gani nyingine?

Zawadi ni tangi la maji, lita elfu moja, kutoka kwa Bharat mwenye duka la vifaa vya ujenzi Korogwe. Baba Mdogo Faraji aliposikia tangi, akasimama. Atamwingiza Tulia.

Tulia ni punda wetu wa maji. Asipokuwepo Tulia, ni kichwa cha Mama na shingo ya Mama.

Jumanne, 5 Agosti

Nimezunguka kuwakagua. Yafuatayo hayatasomwa kwenye spika.

Kibajaji, wa Mdoe. Ana mbio za kweli. Ila kila akifika kwenye gogo anasimama, analinusa mwanzo mpaka mwisho, kama mzee anayesoma tangazo la serikali. Mdoe anasema huo ni umakini.

Meja, wa Nicolaus fundi cherehani. Mnene, anang'aa, amepakwa mafuta ya nazi. Anaruka vizuri sana mpandaji akishaanguka.

Punda wa Lemburis, Mmasai wa ng'ambo ya lambo. Nilimuuliza anaitwa nani. "Punda," akasema. Miguu mikavu, makovu ya makorongo, hashtuki kwa chochote. Nikisema kweli, mbio zimeishia hapo. Lakini watu hawamtaji kabisa, kwa sababu hana jina la kushangilia.

Kwa Richard nimeandika kwamba wote wana nafasi. Nimesoma mpaka chuo kikuu ili niandike sentensi hiyo.

Alhamisi, 7 Agosti

Baba Mdogo anamfanyisha Tulia mazoezi kila asubuhi, kutoka nyumbani kushuka lambo. Leo ametuita tukaone. Kweli, Tulia alipaa. Mtaro akauruka, mti ulioanguka akauruka, akafika lambo akatumbukiza mdomo.

"Umeona, shemeji?" akamwambia Mama. "Hii ni mashine."

Kurudi alitembea kama bibi harusi. Kurudi Baba Mdogo hakupimi. Kurudi, anasema, ni mapumziko.

Jioni barazani kwa muuza kahawa alianza tena habari za mashine yake. Nilikuwa napita. Nikashindwa kunyamaza.

"Baba Mdogo, Tulia hakimbii. Anakwenda kunywa. Mbio zenu zinatoka kwenye maji. Huko msikitini ana haja gani?"

Wakamcheka. Nicolaus akasema, "Faraji, kaombe wakuwekee ndoo mlangoni." Kahawa ikamwagika. Baba Mdogo akanitazama tu.

Nilirudi nyumbani nimefurahi. Niandike ukweli: nimefurahi sana.

Jumamosi, 9 Agosti

Hakukasirika. Alifikiri. Ni vibaya zaidi.

Amekwenda kwa kamati, na mbio zimegeuzwa. Zitaanzia msikitini na kumalizikia lambo. Sababu iliyotangazwa: kule kuna nafasi ya kuegesha gari la mfadhili. Gogo la mwisho litawekwa kwenye mteremko, palepale pa mwaka jana.

Nilimwendea Mdoe. Nikamuuliza kama amesahau.

"Yule wa mwaka jana alikuwa na mifupa mibovu," akasema. "Kibajaji ni punda wa mteremko, mwanangu."

Mtu aliyelia mwaka jana mbele ya watu, kofia mkononi! Nilimwona kwa macho yangu.

Jumatatu, 11 Agosti

Mama amesawazisha ardhi nyuma ya jiko. Amepanga mawe duara, ameshindilia udongo, amemwagia majivu. Hajasema anataka tangi. Aliniuliza tu kama bati letu lina kutu kiasi cha kuharibu maji ya mvua. Nikasema halina. Akaguna.

Anajua vuli haiko mbali.

Mpandaji wa Tulia atakuwa Baba Mdogo mwenyewe. Vijana wote hawajui kumtuliza, anasema. Anakaa juu yake kama gunia la mahindi lililopewa cheo. Mgongo wa Tulia unabonyea. Nilijaribu kuona picha ya wawili hao juu ya gogo, kwenye mteremko. Nikaiona vizuri mno.

Jumatano, 13 Agosti

Baba Mdogo ametoa amri. Kuanzia kesho jioni Tulia hapewi maji.

Mama akasema, "Faraji, mnyama hanyimwi maji. Hiyo ni dhambi."

"Siku moja, shemeji. Siku moja yake, tangi lako la miaka yote." Kisha akaniwekea mkono begani, anacheka, bado anamwambia Mama. "Kiu ndiyo injini. Mwanao kanifundisha. Nani kasema elimu haina faida?"

Mama akashusha ungo. Aliangalia yale mawe nyuma ya jiko. Akaendelea kupepeta mchele.

Leo nimewadharau wote, mmoja mmoja. Nilipomaliza orodha nikajikuta nimebaki mimi, niliyeuza siri ya punda kwa kicheko cha barazani.

Ijumaa, 15 Agosti

Tulia analia tangu asubuhi. Sauti imekauka.

Baada ya sala watu walikusanyika kutabiri. Shehe alikwisha kataza kamari, kwa hiyo hawachezi kamari. Atakayekosea atampelekea mwenzake kuku, kwa upendo tu. Karibu wote wamemchagua Tulia. "Hafsa mwenyewe kasema hukimbilia maji." Hata Bi Mwanaisha, ambaye hajawahi kukubaliana nami tangu nizaliwe.

Richard amepita na spika. Nilichoandika: "Tulia, mwenye uzoefu wa njia." Alichosoma: "Tulia, risasi ya Kwamsisi, mtoto wa lambo, anakuja kuchukua chake!" Watoto wakashangilia nyuma ya pikipiki.

Jumamosi, 16 Agosti

Niko lambo, nimekaa juu ya dumu. Umati uko kandokando ya mteremko. Sachin, mtoto wa Bharat, ameleta tangi kwa kenta. Jeusi, utepe mwekundu kiunoni, tupu. Watoto wanaligonga, linaitika.

Huko juu naona kanzu nyeupe na masikio. Lemburis amekaa juu ya punda wake kama mtu aliyekwenda dukani. Meja anang'aa. Kibajaji ananusa chaki ya mstari. Baba Mdogo amefunga kilemba, ananipungia mkono. Mdoe ana filimbi mdomoni. Gogo la mwisho liko hatua chache kutoka nilipo. Limepakwa chokaa, lipendeze.

Tulia ameinamisha kichwa. Anatafuna nyasi.

Baba Mdogo hajui bado. Baada ya sala ya alfajiri nilimfungua Tulia nikamshusha hapa. Alikunywa, akapumzika, akanywa tena, mpaka akayapa maji kisogo. Tumbo lilijaa likawa ngoma. Hakuna kitu chini ya mteremko huu anachokihitaji leo; hatalikimbilia gogo lile.

Tulipanda polepole. Uani nikamfuta mdomo na masharubu kwa kanga yangu, ili usionekane unyevu. Nilipoinuka, Mama alikuwa mlangoni pa jiko, ufagio mkononi. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Nilitayarisha maneno. Nina maneno mengi siku zote.

"Na kwato," akasema. "Zina tope."

Akanirushia kitambaa. Kisha akazunguka nyuma ya jiko, nikamsikia anapafagia pale pa tangi.