Jina la Mama Mghoi

Voi, Jumanne

Ni nani hasa anayepaswa kuamua msemaji aitweje gazetini? Swali hili ninalo tangu chuoni.

Leo huko Mraru ndovu wamelaza mahindi ya mama mmoja. Nilipomwuliza jina la kwenye kitambulisho, alicheka. "Hilo ni la serikali, mwanangu. Andika Mama Mghoi. Mghoi aliondoka tukiwa tumegombana. Akisoma, atajua bado ni wangu."

Nikamnukuu hivyo. Mhariri akalifuta jina hilo. "Akina Mama Mghoi wako wangapi Taita hii? Weka jina kamili."

Huenda yuko sahihi. Nukuu lazima iwe na mwenyewe anayejulikana. Nilibishana naye hata hivyo, na sijui kama niliitetea taaluma au nafsi yangu, kwa kuwa marehemu mama yangu naye aliitwa kwa jina langu, na sasa hakuna anayeitwa hivyo.