Bakora Aliyopigwa Kondakta Ayubu

Ngamiani, Tanga.
18 Oktoba 2024

Mpendwa Kaka Uweso,

Assalamu alaykum, na shikamoo. Vipi hali huko Maskati, na ule mgongo umepoa? Wifi Samiha na watoto hawajambo? Sisi miili ni mizima, alhamdulillahi. Nyuso tu ndizo hatuna pa kuziweka.

Kaka, Baba ameshitakiwa. Amempiga kondakta.

Alikuwa akirudi kutoka shambani Mwera na gunia lake la nazi, akalibwaga mlangoni mwa basi. Kondakta akamwamkia kwa adabu, akamwomba liingie kwenye buti. Kondakta mwenyewe ni Ayubu, yule aliyesoma Kurani chuoni kwa Baba, wewe ukimshikisha juzuu. Basi mzee akaona mwanafunzi wake anamwamrisha mbele za watu. Akamtandika bakora ya uso, ikamchana juu ya jicho. Abiria wakawapeleka polisi.

Huko, nami nimeshafika, hata hakukana. Akasema, "Samaki mkunje angali mbichi." Askari akamjibu, "Mzee, samaki huyu ana mke na watoto, na alikuwa kazini." Nilitamani ardhi inimeze. Ayubu alitaka kusamehe, lakini tukaambiwa hiyo ni jinai, kesi ni ya Jamhuri, na mtu anaweza kufungwa hata miaka mitano. Baba na umri ule, na kisukari kile!

Sasa nikwambie langu, maana mficha uchi hazai. Kabla ya kesi nilikwenda kwa Ayubu, nikamsihi aseme aliteleza kwenye ngazi ya basi. Nikamtajia radhi za mwalimu wake, nikijua hapo hana ubavu wa kukataa. Maskini akakubali, na nyuzi bado ziko juu ya jicho.

Jumatano akashikishwa Msahafu, akaapa, akasema aliteleza. Baba akasimama palepale. "Muongo! Nimekupiga mimi. Na Msahafu huo nani aliyekusomesha?" Hakimu akamuuliza Ayubu nani kamfundisha maneno yale. Akainamisha kichwa, hakunitaja. Baba akageuka, akanitazama mimi.

Ametiwa hatiani, adhabu ni Jumatatu; hadi hapo yuko nje kwa dhamana. Na Ayubu ameonywa kuwa uongo wa kiapo nao una kesi yake. Aliyepigwa ni yeye, na mimi nikamwongezea balaa. Naona haya kuandika.

Jioni ile Baba alikwenda mwenyewe kumwomba msamaha, wakasameheana. Tangu hapo anakula huko. Changu hagusi, na salamu yangu anaiitikia akitazama ukuta.

Usihangaike na wakili, amemkataa. Anasema adhabu yake ataibeba. Nakuomba, kaka yangu, mpigie simu kabla ya Jumatatu uniombee radhi mimi. Wakimfunga hajaniridhia, sitakuwa na uso hata wa kumpelekea uji.

Nisalimie Wifi, na Nadir na Najat wanangu. Shangazi Zarina anakusalimu sana. Mola akuhifadhi ugenini, na akujaalie ulimi laini utakapozungumza na mzee.

Ni mimi nduguyo, nikupendaye pamoja na aibu yangu,
Zuwena