Mponda Alikuwa Anaponda Nini

Jumatatu, 3 Machi
Jumamosi nilipoteza jina la baba yangu. Mwanangu Bahati alikuja dukani, akasema ameomba kulibadilisha. Sasa ni Bahati Emmanuel, jina lake la ubatizo. "Mponda si jina, Papa. Ni kazi." Nilikuwa namkatia mteja kitenge. Nikamaliza kukata. Yadi sita kamili.
Leo nimefungua duka kama kawaida. Mvua. Wateja wawili.

Jumanne, 4 Machi
Kwetu Uvira, Kongo, mtoto akibeba jina la baba yako, na wewe unamwita Papa. Nimemwita hivyo tangu azaliwe. Sasa nimwite nani? Mke wangu alishafariki. Hapa Durban sina mwingine wa kumwita hivyo.
Jumatatu ijayo Bahati naye anapata mtoto, kwa upasuaji. Wa kiume.

Alhamisi, 6 Machi
Hasira bado. Nilikuja na begi moja. Nililinda magari ya watu mtaa wa Glenwood, nikapata meza ya kuuzia barabarani, nikapata duka. Kila kitu nimenunua mwenyewe. Jina tu ndilo nililopewa.

Ijumaa, 7 Machi
Mke wa Bahati amepiga simu. Neema, Mtanzania wa Tanga.
"Shikamoo Baba. Hivi huyo Mponda alikuwa anaponda nini? Bahati anasema kokoto."
Kokoto. Nimeumia.
Nikamweleza. Zamani watu walivaa gome la mti. Mponda wa kwanza, babu wa baba yangu, alilibandua, akaufunga mti kwa majani ya mgomba upone. Akaliponda gome kwa nyundo ya mbao likiwa bado bichi. Ukipumzika linakauka, linapasuka. Gome la upana wa mkono mmoja linatoka mikono minne. Mara nne, bila kuongeza hata uzi. Mimi nauza vitambaa, najua maana ya hesabu hiyo. Kijiji kizima kilivaa jasho lake. Vitambaa vya madukani vilipofika, kazi ikafa.
"Kumbe nguo," akasema. "Mbona mwenzangu hajui?"
"Hajawahi kuuliza."
"Haya. Baba na mwana, wote mabubu. Mimi nitaishi vipi na nyinyi?"
Nilicheka kidogo. Baada ya simu duka likawa kimya sana.

Jumamosi, 8 Machi
Bahati hakupiga.

Jumapili, 9 Machi
Kanisani kila familia na benchi lake. Nilikaa mwisho, pembeni. Nimerudi, nimesonga fufu, ugali wetu wa muhogo, nikakosea kipimo. Imebaki nusu sufuria.
Mchana nimemtumia ujumbe. Nimeuandika mara tatu, huu ndio ulioenda:
Bahati. Jina lako ni lako, siligusi. Neema atakuwa amekuambia kazi yenyewe ilikuwa nini. Mtoto anazaliwa kesho. Ataitwa Mponda ama hapana? Usiniambie "tutaona". Nijibu neno moja, kabla ya saa mbili usiku.