Bega la Mamothi

Dada Zdenka,

Mama hajambo, na zabibu zimenusurika na baridi. Tulipokuwa tukichimba ghala jipya la mvinyo, sepetu ya baba iligonga bega la mamothi, yule tembo wa kale mwenye manyoya. Mfupa ulikuwa mpana kama mlango wa kibanda. Chini yake alilala mtoto mchanga, mifupa mitupu, amepakwa udongo mwekundu. Watu wa zama hizo walimla mnyama, kisha bega lake wakamfunikia mtoto wao, udongo usimwangukie.

Padri alikuja kuchungulia. "Hao walikuwa wapagani, mzee Alois."

"Lakini walimfunika, Padri," baba akasema. "Mjukuu wangu mlimnyima hata jeneza."

Uliuliza mwanao alizikwaje. Alikufa kabla ya ubatizo, kanisa likamkataa, kwa hiyo baba alimfukia nje ya ukuta wa makaburi, ndani ya gunia. Tulikuficha hayo kwa sababu ulikuwa bado unatokwa na damu ya uzazi.

Jana baba alipasua pipa kubwa, akaunda sanduku, akaenda kumfukua mwanao mchana, mbele ya watu. Sanduku liko ghalani, halijapigiliwa misumari. Baba anasema wa kulifunika ni wewe.

Kaka yako,
Radim