Siku Niliyowatawanya Ngamia

Mwende wangu,

Hamjambo huko Kilungu? Sisi huku Tseikuru tuko sawa. Mdogo wako ameota jino, na wa kwanza kuumwa ni mimi. Mwambie nyanya, huyo mwenye jina lako, machungwa yalifika na yameisha.

Umeniuliza kama ngamia huungua na hili jua letu. Hata mimi nilifikiri hivyo nikiwa darasa la tano. Likizo moja mwaka huo jirani yetu Mama Halima aliniachia ngamia wake sita niwaangalie, na jioni angenipa jagi la maziwa. Nyumbani tuliyangoja sana hayo maziwa.

Siku ya kwanza, saa saba mchana, nikakuta wamelala wamebanana kabisa. Nikawahurumia. Nikashika fimbo nikawatawanya, kila mmoja apate hewa yake. Wakapiga kelele mpaka Mama Halima akaja mbio.

"Wewe Kamene! Mbona umewavua ngamia wangu nguo?"

Nikajua maziwa yameenda. Tukawarudisha, wakalala tena ubavu kwa ubavu, nyuso zikiangalia jua. Mama Halima akauweka mkono wangu mgongoni mwa mmoja. Palichoma kama sufuria! Kisha akauingiza katikati ya wawili. Hapo palikuwa na nafuu, kwa sababu kila mmoja alimfunika mwenzake, jua likakosa pa kuingia.

"Umeona sasa?" akasema, huku anacheka.

Jioni jagi lilijaa. Na kesho yake akaniachia ngamia tena, lakini fimbo alienda nayo.

Ni mimi mamako, nakuwaza kila siku.