Kitambaa cha Rangi ya Watawa

Busaba, uko wapi? Shika simu! Nimejificha nyuma ya gari, mbavu sina.

Unakumbuka nilimkataza Dokta Prasoet asiitie miti alama kwa kitambaa cha rangi ya chungwa, ile ya majoho ya watawa? Akanijibu, "Kitambaa ni kitambaa." Haya. Jana kaifunga miti arobaini tuje kuikata, eti tuipime uzito kwa utafiti wake. Arobaini, shoga! Mingine mirefu kuliko hekalu.

Leo tunafika na misumeno ya mashine, tunakuta kijiji kizima kimepiga magoti. Ubani unafuka, maua kila shina. Wamedhani miti imewekwa wakfu!

Bibi Lamduan, yule muuza tambi mwenye ulimi, akauliza, "Nani kaivisha miti joho la watawa?"

Na mjuaji wetu, kifua mbele: "Mimi mwenyewe."

MIMI MWENYEWE! Na msumeno kaushika!

Bibi akautazama ule msumeno weee, kisha akamwambia, "Umefanya vyema, mwanangu. Basi tusomee na dua yake."

Jasho likamtoka. Watu wote wamekutanisha viganja, wanamngoja. Unajua alisoma nini? Majina ya miti kwa Kilatini! "Tectona grandis... Shorea obtusa..." Kwa sauti ya hekaluni kabisa! Kijiji kizima kikaitikia amina yake, "Satu!"

Hakuna mti uliokatwa. Na sasa hivi kaniita, uso mkavu: "Andika kwenye ripoti, miti arobaini imehifadhiwa kwa juhudi zangu."

Nitaandika, shoga. Na dua nitaiambatanisha.